Usinunulie Ua Mdogo Mashine ya Shamba: Mwongozo wa Kuchagua Mashine ya Nyasi Nairobi

Mashine yangu ya kwanza ya nyasi ilikuwa ya petroli, injini ya cc 43, na mkanda wa kuivaa begani kama mtu anayekwenda kulinda mpaka. Ua wenyewe, hapa Donholm, ni mita kumi kutoka getini hadi mlangoni na mita nne kutoka ukutani hadi kwenye saruji ya kuegeshea gari. Siku ya kwanza nilimaliza kazi kwa dakika saba. Dakika ya nane nilikuwa kwa jirani nikimweleza jinsi kokoto ilivyoruka ukuta ikatua kwenye kioo cha gari lake. Kioo kile kilinigharimu karibu nusu ya bei ya mashine.

Nimeanza na hilo kwa sababu wengi wanaouliza "ninunue mashine gani?" huwa na jibu lao tayari moyoni: ile yenye nguvu zaidi ambayo mfuko unaifikia. Ua mdogo hauhitaji nguvu. Una nyasi kidogo na kingo nyingi: ukuta, ngazi, bomba la maji, vyungu vya maua, tairi la gari, shina la parachichi ulilopanda mwaka juzi. Hapo inafaa mashine nyepesi inayogeuka kwenye pembe bila kugonga kitu, na ambayo mwakani utapata uzi wake na betri yake bila kuzunguka mji mzima. Mashine nyingi nilizoona zikiishia kwa wachuuzi wa vyuma vikuukuu hapa mtaani mota zake zilikuwa nzima. Zilichokosa ni kile kigurudumu kidogo cha plastiki kinachozungushiwa uzi.

Ninaposema mashine ya nyasi, namaanisha ile ya mkononi: fimbo ndefu, mpini, na kichwa kinachozungusha uzi wa nailoni kwa kasi mpaka uzi laini unakata kama wembe. Madukani zile nyepesi huitwa trima, na zile nzito za petroli brashkata. Aliyeibuni ni Mmarekani George Ballas wa Houston, Texas, mwaka 1971, baada ya kutazama brashi za kuoshea magari zikizunguka. Jaribio lake la kwanza lilikuwa kopo lililotobolewa na kupitishwa uzi wa kuvulia samaki. Alichotaka ni kukata nyasi zilizojibanza kwenye mashina ya miti, mahali moa, ile mashine ya magurudumu ya kusukuma, haifiki. Kwa hiyo tangu mwanzo chombo hiki kilikuwa cha kingo, na ukikichagua kwa kazi hiyo hutakosea sana.

Kwanza pima ua, kisha zitazame nyasi zenyewe

Chukua tepu. Usikadirie kwa macho, kwa sababu ukisimama mlangoni mvua ikiwa imenyesha wiki mbili, ua wowote unaonekana kama mbuga. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama mita za mraba 464, lakini ukitoa nyumba, saruji, tangi la maji na njia ya gari, unaweza kushangaa nyasi zimebaki mita mia moja au chini. Mezoneti nyingi za Buruburu, South B au Komarock zina kipande cha mbele na kingine cha nyuma kwenye kamba za nguo, basi.

Ukishapima eneo, zunguka upime kingo pia: urefu wa ukuta, ukingo wa saruji, duara la kila mti. Kwangu nyasi ni mita za mraba 40 lakini kingo ni mita 32, ukijumlisha mti mmoja na vyungu. Hesabu kama hiyo inakuambia kazi yako ni ya kupunguza pembeni, na kwamba mashine ya uzi peke yake inatosha. Ukipata mita za mraba 150 na zaidi, tena zilizo wazi, fikiria moa ya kusukuma kwanza na mashine ya uzi baadaye. Kukata eneo kubwa kwa uzi kunachosha mgongo, na ua unabaki na mabonde kama kichwa kilichonyolewa na mtoto.

Nyasi zenyewe nazo zina tabia. Nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na ambazo leo zinasumbua watu hadi Australia na California, hutambaa juu ya ardhi na chini yake pia. Zikiachwa mwezi mmoja wa mvua, hujifuma zikawa godoro, na uzi mwembamba hukatikia humo. Ua ukiwa wa kikuyu na wewe ni mtu wa kuahirisha mambo, utahitaji mashine inayobeba uzi mnene kidogo. Nyasi za pemba zina majani mapana lakini hukua taratibu, kwa hiyo mashine yoyote nyepesi huziweza. Kwenye kona ambako mabingobingo au vichaka vimeshika, mashine ndogo isahau. Pale ni panga, mara moja, halafu mashine itunze.

Jambo jingine ni kilicho chini ya nyasi. Ua mwingi wa Nairobi ulikuwa mahali pa kumwaga vifusi vya ujenzi: kokoto, vipande vya vigae, misumari, waya za kufungia nondo. Kwenye udongo mweusi wa upande huu wetu wa Embakasi mambo ni mabaya zaidi, maana udongo huo hupasuka kiangazi na kuvimba mvua ikija, na kila msimu unatoa jiwe jipya. Tembea na ndoo uokote kabla hata hujaenda dukani. Ndoo ikijaa, umeshajua kwamba diski za chuma, zile zinazofungwa kwenye kichwa badala ya uzi, hazifai kwako.

Je, unahitaji mashine kweli?

Kwa nyasi za chini ya mita za mraba 20, fyekeo zuri kutoka kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji na mkasi mkubwa wa kupunguzia ua wa miti vitakutosha miaka. Fyekeo halina betri, na jirani hawezi kulilalamikia. Ubaya wake ni mmoja: karibu na ukuta hugonga jiwe, na nyasi za pembeni hubaki zimesimama kama ndevu.

Chaguo la pili ni kijana anayepita na mashine yake begani. Hapa fanya hesabu ya daftari. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, fupi ni Oktoba hadi Desemba. Tuseme anakuja kila wiki mbili katika miezi hiyo sita, halafu mara moja kwa mwezi ile mingine. Hizo ni kama safari kumi na tisa kwa mwaka. Zidisha kwa anachokutoza, kisha linganisha na bei ya mashine pamoja na betri ya pili na uzi wa mwaka. Mashine ikijilipa ndani ya miaka miwili, nunua. Ikichukua minne, mwache kijana afanye kazi yake na wewe upumzike Jumamosi. Sioni aibu katika hilo, ingawa mimi mwenyewe sikulifuata. Napenda tu kukata nyasi.

Waya, betri au petroli

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

*Petroli.* Nianze na hii ili niiondoe njiani. Injini nyingi za bei nafuu ni za tu-stroki, yaani unachanganya petroli na oili kwenye mtungi kabla ya kumimina. Kipimo kimeandikwa kwenye kitabu chake: kwa 50:1, lita moja ya petroli hupata mililita 20 za oili, kwa 25:1, mililita 40. Ukikosea kwa kupunguza oili, pistoni inakwama na fundi anakuambia "hii ni ya kubadilisha blok yote." Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na kwa sababu hewa ni nyepesi, injini kama hizi hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu zake. Tena kabureta iliyotoka kiwandani imewekwa kwa hewa ya pwani hunywa mafuta kupita kiasi huku juu, ikatoa moshi na kuchafua plagi. Fundi wa Kirinyaga Road ataiweka sawa kwa bisibisi. Ila kwa ua wa mita 40, unabeba kilo saba au nane begani, unachanganya mafuta, unavuta kamba mara kumi, kisha unafanya kazi ya dakika saba. Petroli ina maana ukiwa na shamba Kitengela au Juja, au ukifyeka kwa malipo.

Kelele pia zihesabu. Kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za kudhibiti kelele ni za mwaka 2009, lakini kabla NEMA haijajua, keateka atakuwa ameshapiga hodi. Saa moja asubuhi Jumapili, injini ya tu-stroki kati ya kuta mbili haina rafiki.

*Umeme wa waya.* Hii ndiyo ya bei rahisi kuliko zote kwa nguvu unayopata, na watu huidharau bure. Mashine ya wati 500 ikifanya kazi nusu saa hutumia robo uniti ya tokeni. Ni nyepesi, kilo mbili hadi tatu, haichoki katikati ya kazi, na haina betri ya kufa. Kama soketi yako ya karibu iko ndani ya mita 15 kutoka pembe ya mbali ya ua, iangalie hii kabla ya nyingine yoyote.

Masharti yake ni matatu, na usiyaruke. La kwanza, soma kibandiko cha mashine: kiseme volti 220 hadi 240 na Hz 50. Mitumba kutoka Marekani ni ya volti 120, na ukiichomeka kwenye umeme wetu itanuka moshi kabla hujakata jani moja. La pili, waya wa ekstensheni uwe wa nje, wenye milimita za mraba 1.5 na pini ya ardhi, na uukunjue wote hata kama unahitaji nusu yake. Waya uliobaki umezungushwa kwenye gurudumu lake hupata joto, na nimeona mmoja ukiyeyuka ukawa kitu kimoja. La tatu, usikate nyasi zenye umande au mvua. Uliza pia fundi wa umeme kama kwenye boksi lako la fyuzi kuna kile kikatishaji cha miliampia 30 kinachozima umeme unapovuja. Nyumba nyingi za zamani hazina. Kinauzwa pia cha kuchomeka kwenye soketi, na ni pesa iliyotumika vizuri kuliko yoyote katika shughuli hii.

Udhia wake ni waya wenyewe: unazunguka chungu, unanasa kwenye waridi, na siku moja utaukata. Uweke begani, ukate ukienda mbali na soketi, waya ukufuate nyuma.

*Betri.* Hii ndiyo watu wengi watanunua, na ndiyo yenye uongo mwingi zaidi kwenye boksi.

Ndani ya betri nyingi za mashine hizi kuna seli za litiamu zinazofanana na betri nene za tochi. Kila seli ina volti 3.6 za kawaida, na ikijazwa hufika 4.2. Ukiunganisha tano mfululizo unapata 18 za kawaida au 21 zikiwa zimejaa. Kwa hiyo mashine iliyoandikwa 18V, nyingine 20V na nyingine 21V zinaweza kuwa na seli tano zile zile. Hapo hakuna wizi, ni lugha ya biashara tu. Wizi uko kwenye zile zilizoandikwa 48V, 88V au hata 128V, mara nyingi na herufi ya ziada pembeni kama "VF", kwenye betri ya ukubwa wa boksi la chai. Ukiifungua, seli ni tano. Muuzaji mmoja mjini aliniambia, bila hata kupepesa, "Bosi wangu, hii ya 88 inakata mpaka miti." Nilinunua. Ilikata dakika nane ikalala.

Achana na volti za kwenye boksi, uliza Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme betri inachobeba), halafu zidisha kwa volti za kweli. Volti 18 mara Ah 2 ni wati-saa 36. Mashine ndogo ikiwa kazini hula kama wati 200, hivyo unapata dakika kumi au kumi na moja za kukata. Ah 4 inakupa mara mbili. Kwa mita 40 zangu, betri ya Ah 2 inamaliza kazi ikiwa nimekata wiki iliyopita, na inaniachia njiani kama nimekaa wiki tatu. Ndiyo maana nasema nunua mbili, au moja ya Ah 4.

Na kama muuzaji anasema "Ah 6" nawe huamini, ipime kwa mkono, maana Ah nyingi zinahitaji seli nyingi. Seli moja ya aina ya kawaida ina karibu gramu 45. Seli tano ni kama gramu 230, kumi ni karibu nusu kilo, bila kuhesabu kasha. Betri inayodai kuwa na chakula cha watu kumi lakini ni nyepesi kama simu, irudishe kaunta.

Kitu cha mwisho kwenye betri ni ukoo. Kampuni kama Makita, Bosch, Ingco na Total zina mashine nyingi zinazokula betri ya aina moja kutoka kampuni hiyo hiyo. Ukiwa na drili tayari nyumbani, tafuta mashine ya nyasi ya ukoo huo, tena isiyo na betri, na umeokoa sehemu kubwa ya bei. Hata kama huna kitu, jiulize: betri hii ikifa baada ya miaka mitatu, naipata wapi? Kwa mashine zisizo na jina jibu huwa "unanunua mashine nyingine."

Kuhusu mota isiyo na brashi, yaani vile vipande vya kaboni vinavyosuguana ndani yake, ambayo wauzaji wanaisifu sana: ni bora kweli, inadumu na inatumia betri vizuri. Kwa dakika kumi kila wiki, sioni sababu ya kuilipia zaidi. Weka tofauti hiyo kwenye betri ya pili.

Kichwa na uzi

Geuza mashine uangalie chini. Utakuta moja ya vitu vitatu.

Kuna vipande vya plastiki vinavyochomekwa kama wembe. Vimo kwenye mashine nyingi za bei ya chini kabisa, vinakata vizuri nyasi laini, lakini kwenye ukuta wa mawe vinavunjika kama biskuti, na umbo lake hutofautiana kutoka mashine hadi mashine. Ukinunua ya aina hii, nunua pakiti mbili za ziada siku hiyo hiyo. Kuna diski za chuma, na hata misumeno ya duara, zinazotupwa ndani ya boksi kama zawadi. Ziache ndani ya boksi. Mashine ya kilo moja na nusu haikuundwa kushika chuma kinachogonga jiwe, na kinga yake ndogo haikulindi. Vile vichwa vya minyororo usiviguse kabisa: Umoja wa Ulaya ulivipiga marufuku mwaka 2012 baada ya kipande kilichochomoka kuua mtu.

Cha tatu ni uzi, nacho ndicho cha kutafuta. Mashine nyepesi hutumia uzi wa milimita 1.2 hadi 1.6, za kati milimita 2.0 hadi 2.4, na brashkata za petroli 2.7 na kuendelea. Usiweke uzi mnene kuliko ulioandikwa. Mota itazunguka kwa shida na kuungua. Uzi wa mviringo hudumu zaidi karibu na ukuta, wa pembe nne hukata vizuri zaidi lakini huisha haraka. Uzi uliokaa dukani juani hukauka ukawa mkavu kama spageti mbichi. Uloweke kwenye maji usiku mzima, unarudisha ulaini wake. Mimi huuacha kwenye kopo la Kimbo nyuma ya jiko.

Namna uzi unavyotoka nayo ni muhimu. Kwenye baadhi ya mashine unagonga kichwa chini na uzi unajiongeza. Kwenye nyingine uzi hutoka wenyewe kila unapowasha, jambo linalofurahisha mpaka unapogundua umemaliza mita tano kwa kuwasha na kuzima. Napendelea ya kugonga. Cha kuangalia zaidi ni kama kigurudumu cha ndani kinafunguka kwa mkono na unaweza kukizungushia uzi mwenyewe, au lazima ununue kilichofungwa kiwandani. Uzi wa mita unapatikana kwa bei nafuu kwenye maduka ya spea. Kilichofungwa kiwandani utakitafuta.

Dukani

Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, ina spea za petroli na mafundi mlango kwa mlango. Betri na chaja utaziona zaidi kuelekea Luthuli Avenue, na maduka ya vifaa ya Industrial Area huwa na bei iliyoandikwa, kwa hiyo nenda huko kwanza ujue bei kabla ya kwenda mahali pa kuelewana. Ukinunua mtandaoni, chagua kulipa baada ya kukagua.

Ukiwa na mashine mkononi, fanya haya bila haraka, hata kama kijana wa kaunta anahema.

Angalia kama boksi lina kibandiko cha KEBS, shirika la viwango, cha bidhaa zilizoagizwa nje. Soma kibandiko cha mashine yenyewe na ulinganishe na boksi. Nimeona boksi likisema wati 600 na mashine ikisema 350. Tia betri, usimame wima, uishike kama unayekata. Kichwa kiguse chini bila wewe kuinama. Kama fimbo hairefuki na wewe ni mrefu, acha. Mgongo wako utalipia. Kama atakayeitumia ni mke wako, mama yako au kijana wa nyumbani, yeye ndiye aishike, maana urefu wenu haufanani.

Bonyeza swichi bila kubonyeza kitufe cha usalama. Isiwake. Kisha washa kweli, dakika nzima, usikilize. Mtetemo kidogo ni kawaida. Mlio wa chuma kukwaruza si kawaida. Hakikisha kinga ya plastiki ipo na ina kiwembe kidogo cha kukata uzi ukizidi urefu. Kwenye zile za bei ya chini kabisa hiyo kinga ni nyembamba kama sahani ya karatasi, na hilo peke yake linanitosha kurudisha mashine. Tazama chaja: iwe ya pini tatu za mraba kama soketi zetu, au uwe tayari kununua adapta nzuri, siyo ile inayocheza kwenye soketi.

Halafu uliza swali moja ambalo wauzaji hawalipendi: "Nionyeshe kigurudumu cha uzi cha spea, na betri ya spea." Wakivitoa stoo hapo hapo, zungumza bei. Wakisema "tutakuletea, kastoma," jua utakavyokuwa unaambiwa mwakani. Lipa kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki kwenye simu, na dai risiti yenye namba ya mashine, siyo "kifaa 1".

Ukinunua ya petroli licha ya yote niliyosema, jambo moja la kukuokolea saa nzima: nati ya kichwa kwenye nyingi hufunguka kinyume, yaani unazungusha upande ambao kawaida ungekaza. Watu wengi wameivunja wakidhani imeshika kutu.

Siku ya kwanza uani

Vaa suruali ndefu, gambuti au viatu vilivyofunika mguu, na miwani ya kukinga. Miwani ya jua haitoshi. Vitabu vya mashine kubwa hutaka watu wakae mita 15 mbali. Katika ua wetu hilo haliwezekani, kwa hiyo watoto waingie ndani, mbwa afungwe, dirisha la sebule lifungwe, na gari lisogezwe au ulifunike ubavu kwa godoro kuukuu. Okota mawe tena. Okota na kinyesi cha mbwa. Sitafafanua, ila nakuhakikishia hutalisahau somo hilo.

Uangalie kwanza uzi unazunguka upande gani, ili majani yarushwe kwenye sehemu uliyokwisha kukata. Pinda kichwa kidogo na upige mkono wa taratibu kushoto na kulia, ukisogea hatua ndogo. Kata kwa ncha ya uzi. Ukiusukuma wote ndani ya nyasi, unakatika. Nyasi zikiwa ndefu sana, shuka kwa awamu: juu leo, chini baada ya siku nne. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja, na kikuyu iache kwenye sentimita tatu hadi tano. Ukiinyoa hadi mizizi mwezi wa Januari, utabaki na udongo mpaka mvua ya Machi.

Ukutani, shika mashine ili uzi uguse mawe kwa ncha tu. Kwenye shina la mti mchanga usikaribie kabisa. Uzi wa nailoni huchuna ganda pande zote, chakula hakishuki kwenye mizizi, na mti wa parachichi wa miaka miwili unakufa taratibu huku wewe ukilaumu wadudu. Ng'oa nyasi kwa mkono duara la sentimita 30 kuzunguka shina, ujaze majani makavu. Bomba la plastiki linalopita juu ya ardhi kuelekea tangini lifukie au lifunike, kabla hujajifunza bei ya fundi wa bomba siku ya Jumapili.

Nyasi ulizokata, jirani mwenye sungura atazichukua kwa furaha. Asipewe zilizokatwa kwa mashine inayovuja petroli.

Kuihifadhi

Toa betri kwanza, kila mara, hata kama unataka tu kuondoa jani lililonasa. Pangusa kichwa kwa kitambaa kibichi, usimwagie maji. Betri usiiache juu ya chaja wiki nzima, wala usiiweke imekwisha kabisa. Kiangazi kikiwa kirefu na nyasi zimelala, iache nusu, ndani ya nyumba, mbali na jua na jiko. Waya wa umeme uukague kidole kwa kidole kabla ya kila matumizi. Petroli iliyochanganywa isikae tangini zaidi ya mwezi: imwage kwenye mtungi wake, washa injini mpaka ijizime yenyewe, ndipo uipeleke stoo.

Uzi uliobaki urudi kwenye kopo la maji siku moja kabla ya kukata. Mimi huwa najikumbusha Ijumaa jioni, nikisikia ngurumo upande wa Ngong.